Mpaka Ngoma Iingie

Mama,

Assalam aleikum huko uliko. Najua huwezi kuitikia, lakini ulinifunza kwamba salamu haiachwi kwa sababu tu mtu amekaa kimya.

Nakuandikia nikiwa kwenye kile kiti chako cha kamba, nimeegemea ukuta wa jirani yetu Mwenda wa hardware, na bado nimekasirika. Wengine wangesubiri hasira ipoe ndipo waandike. Mimi sisubiri. Wewe mwenyewe ulisema chai inywewe ikiwa moto au imwagwe, na hili jambo lingali la moto.

Jambo lenyewe ni hili. Guyo, mwanao wa kwanza, kaka yangu ninayempenda na ambaye kwa siku kadhaa nilishindwa hata kumtazama usoni, alisema santuri zako zitoke kwenye ploti siku ya dua yako. Zote. Za Wahindi na za jazz, pamoja na mashine yenyewe ya kuzipigia. Angepiga kelele ningemweza, wajua mimi na kelele. Lakini alikaa pale mlangoni, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Tume, mama ako kaburini. Kila ukiweka hiyo kitu, yeye ndio anaulizwa na malaika. Wewe unataka mama aulizwe?"

Unaona alivyonishika? Angesema ni aibu, ningecheka. Angesema majirani wanalalamika, ningemwita Mwenda aje atoe ushahidi. Lakini aliniambia ninakuumiza wewe. Nikakosa jibu, Mama. Mimi, ambaye ulisema nilizaliwa ulimi ukitangulia, nikakosa jibu. Nikaingia ndani nikakaa sakafuni mbele ya lile boksi nikalia kwa hasira, kwa sababu sikujua kama nakulilia wewe au nazililia hizo santuri.

Nilikaa pale nikizitazama. Lile boksi la mbao Baba alilishusha kutoka kwenye lori lake mimi nikiwa bado sijazaliwa, na hadithi yake nimeisikia hadi naiota. Yule Mhindi wa duka la vitambaa alikuwa anafunga kuhama, na Baba ndiye aliyembebea mizigo. Mzigo mmoja ulibaki. Baba mzee wa huyo Mhindi alipenda sitar na sarodi, ala za kamba za kwao, mwanawe alipenda jazz, na huko walikokuwa wanakwenda hakukuwa na nafasi ya vyote viwili. Wakampa Baba, wakamwelekeza namna ya kushika santuri kwa kingo, na wakamwambia zisiwekwe juani. Zisiwekwe juani, Isiolo! Baba alicheka mpaka Archer's Post.

Lakini ni wewe uliyezisikiliza. Baba alikuwa barabarani, Moyale kwenda, Moyale kurudi, na wewe ulikuwa hapa na maziwa yako ya ngamia na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Guyo. Hilo nitalirudia, maana kila mtu anajifanya amesahau.

Watu walikucheka. Mpaka leo wanacheka. Juzi sokoni mama mmoja aliniuliza kama sasa nitaendelea na ule muziki wa Wahindi, kana kwamba ananiuliza kama nitaendelea kukohoa. Muziki wa Wahindi! Chai anayokunywa imetoka wapi? Chapati? Kile kitambaa alichojifunga kichwani? Vyote hivyo ni vyake, hakuna anayemuuliza. Ila mwanamke Mborana akikaa uani mwake akasikiliza kamba na ngoma, hapo ndipo watu wanakumbuka mipaka ya nchi. Nilimwambia kitu kinakuwa chako ukikipa masikio yako miaka yote hiyo. Akasema nimekuwa mkali kama wewe. Nikamshukuru.

Nakumbuka asubuhi zetu. Ukitoka kuswali alfajiri, kabla gari la maziwa halijafika kutoka huko porini, ulifungua dirisha, ukaweka mashine juu ya meza ndani ili moshi usiifikie, halafu ukatoka uani na vibuyu vyako na zile gorfa, vyombo vya maziwa vya kufuma, ulizorithi kwa nyanya. Ukachoma vijiti vya ejersa, ule mzeituni wa porini, mpaka viwe makaa mekundu. Ukashusha sindano kwenye ile santuri ya jalada la kijani, ya yule mpiga sitar uliyempa jina la Mzee Polepole. Kisha ukaanza kuvifukiza vyombo ndani, ili maziwa yakae na yanukie.

Hukuwahi kutazama saa. Kamba ikilia peke yake, makaa yalikuwa ndani na kifuniko kimefungwa, na hakuna ruhusa ya kugusa kitu. "Acha moshi ikae, bado anafikiria," ulisema. Ngoma ikiingia, ndipo ulipochukua chombo ukakitikisa, kulia, kushoto, halafu chini kwa nguvu. Na zile mbio za mwisho, wakati kamba na ngoma zinakimbizana kama mbuzi waliofunguliwa zizini, ulimwaga majivu, ukapangusa, ukafunika. Upande mmoja wa santuri, vyombo vyote tayari. Gari likifika, ulikuwa umekaa na kikombe chako kama mtu asiye na kazi.

Na ole wake atakayeweka ya jioni asubuhi! Siku moja niliweka, nilikuwa nimeipenda tu. Ulitoka uani mbio na mikono ya majivu, ukainua sindano kwa kidole kidogo, ukaniuliza, "Wewe, utafungulia mbuzi magharibi?" Sikujua kuna mtu ana sheria kama hizo juu ya muziki. Baadaye nikaja kujua kwamba hata wao Wahindi wanazo.

Mchana ilikuwa zamu yangu. Maziwa yameisha, umenyoosha miguu, naleta jazz. Ulizisema vibaya hizo jazz zangu, Mama, Mungu akusamehe. "Hawa watu wako wanaongea wote mara moja kama wamama wa maziwa gari ikifika." Nami nilikujibu kwamba wako anafikiria mpaka maziwa yanaganda. Tulibishana hivyo mpaka Mwenda akawa anapiga ukuta kwa nyundo, si kwa kulalamika, ni kutukumbusha tumesahau kugeuza upande. Lakini kulikuwa na mmoja wa saksafoni, yule anayepuliza taratibu mpaka unasikia pumzi yake kabla ya sauti. Ukifikiri sisikii ulisema, "Niwekee yule mwenye mafua." Niliweka. Ulifumba macho. Nilijua umeshindwa.

Halafu ile safari ya Nairobi, kabla ya korona. Nilisikia kwa redio kwamba mpiga sitar anakuja na mtu wa ngoma mbili, na kwamba mwishoni atakaa na mtu wa saksafoni wapige pamoja. Sitar na jazz kwenye jukwaa moja, wako na wangu! Tulipanda basi la asubuhi. Sikujua umebeba gorfa ndogo chini ya mtandio mpaka tulipofika mlangoni mwa ule ukumbi na askari akakusimamisha.

"Mathe, vinywaji haziingii."

"Hii si kinywaji. Ni maziwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulifungua kifuniko, ukammiminia kidogo humo humo kwenye kifuniko, ukasimama ukimtazama mpaka akamaliza. Tukaingia. Mtu wa muziki uliokufaa asubuhi zote hizo huendi kumwona mikono mitupu, ulisema, na kama mjini hawajui hilo, shauri yao.

Tuliketi. Mpiga sitar akaanza peke yake, pole pole, na nikaona mabega yako yameshuka kama ya mtu aliyefika nyumbani. Kisha ngoma ikaingia, na wewe, Mama, ukaitikia! Uliitikia kwa sauti, ile sauti ya visimani, kule kaskazini ulikozaliwa, ambako watu wanasimama ngazi kwa ngazi ndani ya kisima na kupokezana ndoo kwa wimbo, na wa juu hamwachi wa chini aimbe bila kujibiwa. Safu tatu za watu zikageuka. Nikakuvuta mtandio. Ulinitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu. Yule wa ngoma aliinua macho, akatafuta, akakuona. Duru ya mdundo ilipozunguka tena akaipiga nzito zaidi na kukutazama akingoja. Ukamjibu. Ukumbi wote ukacheka kwa furaha, na mimi nikaachilia mtandio.

Mwishoni ulimpelekea mpiga sitar maziwa yake. Alikunywa akiwa amesimama, akanusa mdomo wa gorfa, akanusa tena. Hamkuwa na lugha moja. Ulimwonyesha kwa mikono: moshi, ngoja, tikisa. Sijui alielewa nini. Kwenye basi ulilala begani kwangu mpaka Nanyuki, na uliamka mara moja tu kusema, "Mwenye mafua akiwa mbele yako, ni kitu ingine."

Nilikuwa na hayo yote mbele yangu pale sakafuni, na kaka yangu anataka yabebwe kama takataka.

Sasa nikwambie habari ya maziwa. Ulipoondoka, mama mdogo Sori alichukua kazi. Vyombo vile vile, ejersa ile ile, ngamia wale wale. Kwa heshima ya msiba mashine ilifunikwa kitambaa, na sikulalamika, nami pia sikuwa na masikio ya kitu. Sori aliweka alamu kwa simu. Siku ya kwanza maziwa yalikuwa machungu, moshi umezidi. Akapunguza dakika. Yakachacha kabla ya adhuhuri. Akaongeza. Yakawa na ladha ya majivu. Wateja wako wa hoteli walirudisha chupa, wakisema kwa adabu kwamba labda ni ukame. Sori akaanza kusema kuna mtu amemwekea jicho. Akawashuku wanawake wa gari. Karibu agombane na shangazi yake Mwenda, mama wa watu ambaye hata maziwa ya ngamia hanywi.

Hata Mwenda alinilalamikia. "Tangu Mama Guyo aende, asubuhi ni kimya hadi nachelewa kufungua duka," aliniambia. "Mimi ata sijui saa bila yeye."

Asubuhi moja nilikuwa naosha vikombe. Alamu ya Sori ikalia kama jogoo, akamwaga majivu, na mimi nikahisi mguu wangu umekaa tayari, unangoja kitu ambacho hakikuja. Ngoma. Nilisimama pale na kikombe mkononi nikicheka kama mwehu. Hakuna jicho wala ukame! Sori alikuwa anafukiza bila ngoma. Alimwaga katikati ya mawazo ya Mzee Polepole.

Nilimwambia. Akatazama dirisha, akatazama upande wa chumba cha Guyo, akasema tungoje dua ipite kwanza. Lakini dua yenyewe ndiyo iliyohitaji maziwa! Watu walikuwa wanakuja kutoka Garbatulla, wazee waliokunywa chai yako miaka yote, nao wanyweshwe majivu siku ya kukuombea? Nilisema haiwezekani. Mimi nikiwa hai, haiwezekani.

Siku ya dua ikafika. Wageni wengine walikuwa wamelala hapo uani. Guyo na wanaume walikwenda msikitini, na pembeni mwa lango tayari kulikuwa na pikapu aliyoiita ije na masufuria ya kukodi na irudi na boksi lako. Niliswali. Kisha nikatoa kile kitambaa. Nikafungua dirisha lote, Mama, mabawa yote mawili, si kwa kujificha. Nikatoa jalada la kijani, nikapuliza vumbi, nikashusha sindano, nikatoka uani.

Sori aliganda na koleo la makaa hewani. "Weka," nikamwambia. "Weka ufunike, halafu usiguse." Wageni wakainuka kwenye mikeka. Mzee Polepole akaanza kufikiria.

Guyo akaingia langoni, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Alisimama katikati ya ua, kati yangu na dirisha.

"Tume. Zima."

Nilimjibu mbele ya watu wote. "Makaa iko ndani. Nikizima sasa maziwa itaharibika, na wageni wa mama watakunywa nini? Ngoja mpaka ngoma iingie."

Hakutoka. Hakuingia ndani kuzima pia. Alisimama tu, uso umekaza, na ile kamba ikaendelea, na wewe wajua inavyochukua muda, haina haraka na mtu. Sori alikuwa na vyombo viwili mbele yake. Cha tatu, ile gorfa kubwa ya nyanya, kilikuwa miguuni pa Guyo na hakuna aliyekuwa karibu nacho. Nilijua sitakifikia.

Ngoma ikaingia.

Na kaka yangu akainama. Nakuapia, Mama, hakufikiri. Aliinama akaichukua gorfa, akakamata kifuniko kwa kiganja, akaitikisa. Kulia, kushoto, halafu chini kwa nguvu. Vile vile. Hata ile namna yako ya kukunja kiwiko. Nani alimfundisha? Hajawahi kufukiza chombo maishani, hiyo si kazi ya wanaume. Lakini alikuwa mgongoni mwako asubuhi zote hizo kabla mimi sijafika duniani, kila ulipotikisa ulimtikisa na yeye, na mwili wake ulikuwa umeshika alichokuwa anakikataa kwa mdomo. Zile mbio za mwisho zilipoanza alikwisha kugeuka upande wa upepo kumwaga majivu. Akapangusa. Akafunika. Halafu akaketi chini mavumbini na gorfa katikati ya magoti, kanzu nyeupe na yote, akalia. Hakulia siku tulipokuzika. Alilia siku hiyo, kwa sauti, na mimi nilikaa karibu naye mpaka upande ukaisha na sindano ikabaki ikikwaruza, na hakuna aliyeinuka kuigusa.

Chai ya dua ilikuwa ya kwako. Sina haja ya kusema zaidi. Mzee mmoja wa Garbatulla aliomba kikombe cha pili, akakishika kwa mikono miwili. Walikusomea vizuri, Mama. Mashine ilikuwa imefunikwa wakati huo, kwa heshima, na hilo nililifanya mwenyewe bila kuambiwa. Quran ina saa yake, na ukali wangu wote haunifanyi nisahau hilo.

Watu walipoondoka Guyo alinifuata hapa kwenye kiti chako.

"Mimi sijasema ni halali," aliniambia.

"Na mimi sijakuuliza."

Alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi ule wa mlangoni. Aliuliza tena lile swali, lakini safari hii nilisikia kilicho ndani yake. Hakuwa ananitisha. Alikuwa anaogopa, kama mtoto aliyeachwa. "Na mama akiulizwa?"

Wakati huo jibu nilikuwa nalo, Mama. Lilikuja lenyewe wakati anatikisa ile gorfa. Nilimwambia mambo yako yamefungwa, yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na Yeye ana huruma kuliko mimi na Guyo tukijumlishwa. Hakuna anayeweza kuyafungua tena kwa kuweka sindano juu ya santuri. Asubuhi hii si wewe uliyefungua dirisha. Ni mimi. Mkono ni wangu, masikio ni yangu, na kesho nitafungua tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akaenda kumlipa mtu wa pikapu. Pikapu ikaondoka na masufuria tu.

Sijui kama amekubali, na kusema kweli sihitaji akubali. Nahitaji tu asikuogopee. Sori ametupa ile alamu. Wateja wa hoteli wamerudi, bila maneno mengi, wakijifanya hawakuwahi kuondoka. Ninasikiliza ya asubuhi asubuhi na ya jioni jioni. Saa nane naweka jazz zangu kwa sauti kubwa kuliko ulivyoruhusu, na usiponipenda kwa hilo ni sawa, utanizoea. Nikisikia mpiga ngoma mwingine anakuja Nairobi nitakwenda, na nikiitikia kwa sauti mtu asinivute mtandio.

Kwaheri, Mama. Lala. Nakuahidi kila alfajiri nikiswali nitakuombea, na nikimaliza nitafungua dirisha, na sitafanya moja kwa kujificha nyuma ya lingine. Wewe huulizwi tena. Kama kuna swali, anayeulizwa ni mimi, Tume, na nitajibu nikiwa nimesimama.